Kuisema serikali ni kosa? Maswali yenu kuhusu uchochezi

Mwezi huu maswali karibu yote mliyotuma ni ya jambo moja tu, uchochezi, na sidhani kama ni bahati mbaya, siku hizi kila mtu ana simu na kila mtu ana la kusema kuhusu barabara, umeme, uchaguzi, bei ya mchele, na karibu kila mtu anamjua mtu aliyewahi kuitwa kituoni kwa sababu ya neno alilosema au aliloposti. Nimechagua maswali ambayo wengi mmeuliza kwa namna tofauti tofauti nikayaunganisha, na majina nimeyaweka pembeni kwa usalama wenu. Sheria nitakazozitaja zaidi ni za huku Tanzania, lakini Kenya na Uganda wana mambo ya kutufundisha hapa na nitayagusa.

Salaam. Mimi ni admini wa grupu la WhatsApp la mtaa wetu. Kuna mwanagrupu katupia voisi analalamika zahanati yetu imefika kwenye lenta ikasimama na hela hazijulikani zilikoenda, akamalizia kwamba viongozi hawana huruma na wajawazito. Kiongozi mmoja wa mtaa kaja juu kasema huo ni uchochezi na mimi admini nitaunganishwa. Voisi nimeifuta lakini silali. – Admini, Morogoro

Pole sana ndugu yangu, na kwanza kabisa lala. Kiongozi wa mtaa hana mamlaka ya kuamua kipi ni uchochezi na kipi siyo, hiyo ni kazi ya mwendesha mashtaka kuthibitisha na mahakama kuamua, kwa hiyo alichofanya ni kukutisha, na kwa bahati mbaya kimefanya kazi maana voisi umeifuta.

Sasa tuje kwenye sheria yenyewe maana wengi wanaliogopa hilo neno bila kuwahi kuisoma. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 kifungu cha 52 kinaeleza nia ya uchochezi, na ukikisoma taratibu utaona ni kipana mno, kinasema ni nia ya kuleta chuki au dharau dhidi ya mamlaka halali ya serikali, au kuwafanya watu waichukie, au kuleta chuki dhidi ya utoaji haki, au kuamsha manung'uniko miongoni mwa wananchi, au kujenga uhasama kati ya makundi. Hebu jiulize, mtu akilalamika kwamba zahanati haijaisha na mama zetu wanajifungulia njiani, wenzake wakisikiliza si watanung'unika? Watanung'unika, na ni haki yao. Hapo ndipo tatizo lilipo, kwa maneno yalivyoandikwa lalamiko lolote lenye uzito linaweza kubanwa humo ndani kama kuna mtu mwenye nguvu ameamua iwe hivyo.

Lakini kifungu hichohicho kina mlango wa kutokea, na huu muukariri wote. Kinasema kauli haiwi ya uchochezi kama lengo lake ni kuonyesha kwamba serikali imepotoshwa au imekosea katika hatua zake, au kuonyesha kasoro ili zirekebishwe, au kuwashawishi watu walete mabadiliko kwa njia halali. Voisi ya zahanati imekaa sawasawa humo. Anayeuliza hela zimeenda wapi anataka zahanati iishe, hakuna zaidi ya hapo.

Nikushauri kitu kimoja. Kwa mambo ya simu, kinachowakamata watu wengi siku hizi hata siyo uchochezi, ni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kifungu cha 16, taarifa za uongo, ambayo faini yake inaanzia milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3. Kwa hiyo mwambieni huyo mwenzenu asiache kusema, ila aseme anachokijua. "Zahanati imesimama tangu mwezi fulani, tumeomba taarifa ya mapato na matumizi kwenye mkutano wa mtaa hatujapewa" ina nguvu kuliko "wamekula hela", na ni ngumu zaidi kuishtaki. Barua ya kuomba hiyo taarifa iandikeni, igongwe muhuri wa kupokelewa, kopi mbaki nayo.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Vijana wanadhani sheria hii imeletwa na awamu fulani au chama fulani. Naomba uwaeleze ilikotoka. – Mwalimu, Tanga

Shikamoo mwalimu, na asante maana hili swali nilikuwa nalisubiri.

Hii sheria ni ya Kiingereza, tena ni ya zamani kweli, ya enzi za wafalme ambao kwao kumsema vibaya mtawala ilikuwa ni kuutikisa utawala wenyewe. Lakini huko kwao ilipofika karne ya 19 na 20 majaji walishailegeza, wakawa wanadai uthibitishwe uchochezi wa fujo au vurugu, maneno makali peke yake hayakutosha kumtia mtu hatiani. Kwenye makoloni wakaleta kitu kingine. Mfano mzuri ni wa Wallace-Johnson, mwanaharakati wa wafanyakazi kutoka Sierra Leone aliyekuwa Gold Coast, Ghana ya leo. Mwaka 1936 aliandika makala ya kuwashambulia wakoloni kwenye gazeti lililokuwa chini ya uhariri wa Nnamdi Azikiwe, yule aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Nigeria. Akashtakiwa kwa uchochezi akatiwa hatiani, akakata rufaa mpaka London, na wanasheria wake wakasema, jamani, huku Uingereza bila kuchochea vurugu hakuna kosa. Majaji wa London wakajibu kwamba sheria ya Gold Coast imeandikwa tofauti, huko hakuna haja ya kuthibitisha vurugu yoyote, maneno yenyewe yanatosha. Yaani jambo lilelile, Mwingereza akilisema kwao yuko huru, Mwafrika akilisema kwenye koloni ni mhalifu. Na sheria iliyoandikwa kwa mtindo ule ndiyo waliyoisambaza makoloni mengi, kwetu ikiwemo. India walishaionja mapema zaidi, Gandhi mwenyewe mwaka 1922 alihukumiwa miaka 6 kwa kosa hilohilo.

Hapa Tanganyika, miaka ya mwisho ya ukoloni, wahariri wa gazeti la Mwafrika, Robert Makange na K. R. Baghdelleh, walitupwa jela kwa makala iliyoitwa ya uchochezi. Na mwaka 1958 Mwalimu Nyerere mwenyewe alipelekwa mahakamani. Yeye kosa lake liliitwa kashfa ya jinai, siyo uchochezi, lakini ni ukoo mmoja, aliandika kwenye Sauti ya TANU kuwalaumu wakuu wa wilaya wawili wa Kiingereza kwa namna walivyokuwa wakiwatendea watu. Wakili maarufu D. N. Pritt akaja kumtetea, na bado akatiwa hatiani, akaambiwa alipe shilingi 3,000 au aende jela miezi 6. Akalipa. Fikiria mwalimu, mtu ambaye miaka mitatu baadaye anakuwa Waziri Mkuu wa nchi, na rekodi yake mahakamani ni ya kuwasema watawala.

Kinachoniuma mimi ni kilichofuata. Bendera ikabadilika, wimbo ukabadilika, sheria ikabaki. Mwaka 1976 Bunge letu likapitisha Sheria ya Magazeti na uchochezi ukahamishiwa humo na maneno yaleyale ya mkoloni, chuki, dharau, manung'uniko, na 2016 ukahamishiwa tena kwenye Sheria ya Huduma za Habari, na safari hii adhabu ikapanda, kosa la kwanza faini kati ya milioni 5 na milioni 10 au kifungo cha miaka 3 mpaka 5, au vyote viwili. Mwaka 2023 vifungu kadhaa vya sheria hiyo vilirekebishwa na baadhi ya adhabu zikapunguzwa, hilo ni la kheri na tulisema, lakini kosa lenyewe halikufutwa. Wenyewe Waingereza walilifuta kwenye vitabu vyao kwa sheria ya 2009. Ghana ilifuta 2001.

Kwa hiyo vijana, hii siyo sheria ya chama wala ya awamu. Kila aliyeingia ameikuta mezani, na ambaye angeweza kuifuta ndiye huyohuyo inayomlinda.

Wazee wanasema msema kweli mpenzi wa Mungu. Kama nilichosema ni kweli tupu na ninao ushahidi, nina haja gani ya kuogopa uchochezi? – Kijana, Mbagala

Mdogo wangu, kwenye uchochezi kweli haikutoi. Ungekuwa umeshtakiwa kwa kumkashifu mtu hapo sawa, ukithibitisha ulichosema ni kweli una utetezi. Uchochezi hauangalii hivyo, unaangalia nia yako na athari ya maneno yako, na kweli inaweza kuleta chuki kuliko uongo, si ndio? Ukifichua kwamba dawa za hospitali zinauzwa mtaani na ukawa na picha na risiti, watu watakasirika zaidi kuliko ungekuwa umezusha. Hakuna mahali kifungu kinaposema kweli ni kinga, unabaki kutegemea ile milango niliyomweleza admini wa Morogoro.

Angalia kesi ya Zitto Kabwe. Oktoba 2018 aliita waandishi wa habari akasema watu wengi wameuawa kwenye mapambano kati ya polisi na wananchi kule Uvinza, Kigoma. Kwa nchi yenye utaratibu jambo zito kama lile unaunda tume huru, inakwenda Nguruka, hukohuko Uvinza, inahesabu makaburi, ikikuta kadanganya unamuumbua hadharani kwa ushahidi, ikikuta kasema kweli unawachukulia hatua waliohusika. Badala yake msemaji ndiye akashtakiwa. Tarehe 29 Mei 2020 Mahakama ya Kisutu ikamtia hatiani kwa makosa matatu ya uchochezi, ikamwachia kwa masharti kwamba kwa mwaka mzima asitoe wala kuandika maneno ya uchochezi. Kuna watu walishangilia kwamba hakufungwa, na kweli kulala nyumbani siyo sawa na kulala gereza la Segerea, lakini tazama kalenda, uchaguzi mkuu ulikuwa Oktoba 28 mwaka huohuo. Kiongozi wa chama cha upinzani akaingia kwenye kampeni akiwa na amri ya mahakama juu ya ulimi wake, na mpaka wa amri yenyewe ni hilo neno pana la uchochezi ambalo hakuna anayejua linaanzia wapi linaishia wapi. Hiyo kwangu ni adhabu kubwa, na iliwagusa hata wapiga kura ambao hawakushtakiwa.

Huku kwetu tuliambiwa sedition, yaani sheria ya uchochezi, iliondolewa zamani. Mbona bado watu wanashikwa kwa posti? – Dada, Nairobi

Ni kweli dada, nyinyi mliiondoa 1997, kwenye yale mageuzi ya kabla ya uchaguzi, na mlikuwa na kila sababu. Wasomaji wetu wa huku huenda hawajui ilivyotumika kwenu miaka ya themanini na mwanzoni mwa tisini. Mchungaji Lawford Imunde mwaka 1990 alifungwa miaka 6 na kilichoitwa chapisho la uchochezi kilikuwa ni shajara yake ya mezani. Mtu kaandika mawazo yake kwenye daftari lake, hajachapisha gazeti wala hajasimama jukwaani, na daftari ndilo likampeleka jela.

Lakini kuifuta sheria moja hakuondoi hamu ya wakubwa ya kutosemwa, na hapo ndipo jibu la swali lako lilipo. Wakatumia kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, matumizi mabaya ya chombo cha mawasiliano, Mahakama Kuu ikakifuta Aprili 2016. Wakatumia kifungu cha 132 cha kanuni ya adhabu, kudhoofisha mamlaka ya mtumishi wa umma, ndicho alichoshtakiwa nacho bloga Robert Alai kwa maneno aliyoandika kuhusu rais, Mahakama Kuu ikakifuta nacho Aprili 2017. Kashfa ya jinai ilikuwa imeshafutwa Februari ya mwaka huohuo. Basi 2018 ikaja sheria mpya ya makosa ya kompyuta na ndani yake vifungu vya 22 na 23 vya taarifa za uongo, faini mpaka shilingi milioni 5 za Kenya, na kile cha pili kifungo kilifika miaka 10. Ni kama maji ya mvua kwenye paa bovu, umeziba hapa yanavujia pale.

Na usidhani ni mambo ya makaratasi tu. Juni 2025 mwalimu Albert Ojwang alikamatwa kwao Homa Bay kwa ajili ya posti iliyomhusu ofisa mkubwa wa polisi, akasafirishwa mpaka Nairobi, na asubuhi yake alikuwa maiti. Alikuwa mikononi mwa polisi, kituo cha Central. Polisi wakasema kajigonga kichwa ukutani, uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha yake hayakuwa ya mtu aliyejiumiza mwenyewe. Alikuwa mume wa mtu na baba wa mtoto mdogo. Yaani posti, haijafika mahakamani, haijasomwa shtaka, hakuna hakimu aliyeulizwa kama ni uongo au kweli.

Majirani zetu Uganda nao wana somo. Mwandishi Andrew Mwenda alishtakiwa kwa uchochezi 2005 baada ya kuihoji serikali redioni kuhusu kifo cha John Garang, kiongozi wa Sudan Kusini, aliyekufa kwenye helikopta ya rais wa Uganda. Akaenda mahakamani kuipinga sheria yenyewe, ikachukua miaka mitano, na Agosti 2010 Mahakama ya Katiba ikaifuta, ikasema hailingani na uhuru wa kujieleza uliomo kwenye Katiba. Ushindi mkubwa ule, lakini wao pia baadaye wakaletewa sheria ya kompyuta na watu wakaendelea kushikwa. Kwa hiyo mkipigania kufuta kifungu, someni na miswada inayokuja nyuma yake.

Mwanangu ni mwandishi, ana kesi ya namna hii, ameshakwenda mahakamani mara nyingi kila siku inapigwa tarehe. Watu wananiambia mama usiwe na wasiwasi, atashinda. Akishinda si yameisha? – Mama, Dodoma

Mama yangu, shikamoo, na pole sana kwa mzigo huo. Namwombea ashinde, na kusema kweli wengi wanashinda. Lakini sitakudanganya kwamba akishinda yameisha, na nadhani wewe mwenyewe unayaona kwa macho yako hapo nyumbani.

Mwaka 2011 gazeti la Tanzania Daima lilitoa makala ya Samson Mwigamba iliyoitwa waraka kwa askari wote. Wakashtakiwa watatu, mwandishi, mhariri Absalom Kibanda, na wa tatu Theophil Makunga wa Mwananchi Communications, na huyu wa tatu wala siyo gazeti lake, kampuni yake ndiyo yenye mtambo uliochapa. Januari 2014 Mahakama ya Kisutu ikawaachia huru wote. Walishinda, ndio. Lakini hesabu hiyo miaka miwili na zaidi, kila tarehe unaacha kazi unakwenda kukaa kwenye benchi, upelelezi haujakamilika, shahidi hajafika, hakimu ana udhuru, unarudi nyumbani. Nauli, wakili, wadhamini wako nao wanaacha shughuli zao, safari za nje mpaka uombe ruhusa. Na upande wa mtambo ndio unaonitisha zaidi mimi, maana mwenye mtambo akishaona mwenzake kapandishwa kizimbani kwa makala ambayo hata hakuiandika, kesho gazeti lenye habari kali akiletewa anaweza kusema mashine imeharibika. Hapo hakuna kesi, hakuna amri, na habari haikutoka.

Mwaka 2016 gazeti la Mawio nalo lilifungiwa, kisha wahariri wake na mchapaji wakafikishwa Kisutu pamoja na Tundu Lissu kwa habari ya machafuko Zanzibar, ile ilivutwa miaka. Marufuku ya Mawio na magazeti mengine matatu yaliondolewa Februari 2022, tukafurahi, lakini gazeti lililokaa miaka bila kutoka wafanyakazi wake wameshatawanyika, wasomaji wameshazoea mengine, madeni yapo palepale.

Jambo moja la kukupa nguvu mama, uchochezi una dhamana. Uhaini hauna, na ndiyo maana watu walishtuka Aprili 2025 Lissu aliposhtakiwa kwa uhaini kwa maneno aliyoyasema kuhusu uchaguzi. Mwanao anarudi nyumbani jioni. Mpikie, mwache aongee akitaka kuongea, na kama ana chama cha waandishi mkoani mwambie asikae kimya, wapo mawakili wa mashirika ya haki za binadamu wanaosimamia kesi hizi bila malipo.

Mnatetea sana uhuru wa kusema. Mmesahau Rwanda? Redio iliua watu. Bila sheria kali nchi itawaka. – Msomaji, Mwanza

Hatujasahau, na hoja yako ni nzito, siibezi hata kidogo. Redio hiyo, RTLM, ilitangaza majina ya watu na mahali walipojificha, watu wakafuatwa wakauawa. Walioiendesha walihukumiwa hapahapa kwetu Arusha, Mahakama ya Kimbari ya Umoja wa Mataifa, hukumu ya Desemba 2003 dhidi ya Nahimana, Barayagwiza na Ngeze wa gazeti la Kangura, na rufaa ikaisha 2007. Mimi nasema ilikuwa haki.

Lakini angalia walihukumiwa kwa nini. Kuchochea mauaji ya kimbari moja kwa moja na hadharani. Hakuna aliyefungwa Arusha kwa kuidharau serikali. Tena kumbuka RTLM haikuwa inaikosoa serikali, ilikuwa upande wa waliokuwa madarakani, kwa hiyo sheria ya kulinda serikali isidharauliwe isingemwokoa Mtutsi hata mmoja, mwendesha mashtaka angekuwa ni wa serikali ileile. Sheria inayohitajika ni ya kumkamata anayesema waueni majirani zenu, na hiyo tunayo, kuchochea vurugu na mauaji ni kosa la jinai hata ukifuta uchochezi leo jioni. Katiba ya Kenya ya 2010 kwenye ibara ya 33 imelichora vizuri hili, uhuru wa kujieleza hauhusishi propaganda za vita, uchochezi wa vurugu wala chuki dhidi ya makundi ya watu. Kumsema waziri haimo.

Na kuna kesi nyingine ya Arusha ambayo huwa haitajwi. Victoire Ingabire, mwanasiasa wa upinzani Rwanda, alirudi nchini kwake 2010 akaongea kuhusu wafu wa pande zote, akafungwa kwa makosa yakiwemo ya kupunguza uzito wa mauaji ya kimbari. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ikapitia maneno yake na Novemba 2017 ikasema kumfunga kwa kauli zile kulikiuka uhuru wake wa kujieleza. Mji mmoja, hukumu mbili, na zinaishi pamoja bila shida, mchochezi wa mauaji anakwenda jela na mkosoaji anaachwa aseme. Mwanza mnaweza kuwa na zote mbili.

Si kuna mahakama Arusha ilishasema vifungu vya uchochezi ni vibaya? Mbona vipo? – Mwanafunzi wa sheria, Iringa

Ndiyo, Mahakama ya Afrika Mashariki, Machi 28, 2019, kesi iliyofunguliwa na Baraza la Habari, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC) na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu (THRDC). Ilisema vifungu kadhaa vya sheria ya 2016, cha 52 na 53 vikiwemo, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya, ikaitaka serikali irekebishe. Lakini haifuti sheria ya nchi yenyewe, inabidi Bunge lifanye, na Bunge halijalifuta kosa. Ukiwa wakili itumie hukumu hiyo kwenye hoja zako, hakimu wa hapa anaweza asibanwe nayo ila akiisoma itamsaidia kukisoma kifungu kwa wembamba.

Nikiitwa polisi kwa ajili ya posti nifanye nini? – Wengi wenu

Nenda, usikimbie, lakini usiende peke yako. Mwambie ndugu na wakili unakwenda kituo gani na saa ngapi, na muulize ofisa jina lake na unatuhumiwa kosa gani, una haki ya kuambiwa. Kutoa maelezo siyo lazima kabla wakili hajafika, na kumpigia ndugu au wakili ni haki yako pia. Mahojiano ya kawaida kisheria ni saa 4, yakizidi yanatakiwa yaongezwe kwa utaratibu, kwa hiyo andika muda ulioingia. Usisaini maelezo ambayo hujayasoma yote, wakiandika usichosema ombeni kirekebishwe ndiyo usaini. Usifute posti ukiwa umeshaitwa, weka skrinishoti yenye tarehe pamoja na ushahidi wa ulichokisema kwa mtu unayemwamini. Wadhamini waandae mapema, wawe na kitambulisho cha taifa na barua ya serikali ya mtaa, maana watu wengi wamelala ndani Ijumaa mpaka Jumatatu siyo kwa sababu dhamana ilikataliwa, ila barua haikupatikana ofisi ilishafungwa.